Kioo Kwanza: Namna ya Kuchagua TV Bapa Nzuri kwa Bajeti Ndogo

Boksi liliandikwa inchi 32. Nilipofika nyumbani nilitaka kujua kama TV itaenea kwenye kabati, nikachukua futi kamba ya cherehani ya mke wangu na kupima kioo kutoka kona ya juu hadi kona ya chini upande wa pili. Sentimita 76. Inchi 32 ni sentimita 81. Nilikuwa nimelipia 32 na kubeba 30. Mwezi wa tisa, katikati ya taarifa ya habari, picha ikapotea na sauti ikabaki. Fundi wa mtaani alizima taa ya sebuleni, akamulika kioo kwa tochi ya simu, na tukamwona mtangazaji kwa mbali sana, kama mtu aliye ndani ya maji. Kioo kilikuwa kizima. Taa zilizo nyuma yake ndizo zilizokufa.

Tangu hapo nimesindikiza ndugu na majirani wengi kununua TV zao Dar es Salaam, na funzo la fundi yule ndilo ninaloanza nalo kila mara. TV ni kioo na taa zake. Sauti ikiwa mbaya, utaunganisha sabufa. Kama haina intaneti, utachomeka kiboksi cha Android kwenye tundu la HDMI. Rimoti ikipotea, ziko za kila aina. Lakini kioo kibaya hakina dawa, na kikipasuka, gharama ya kukibadilisha inakaribia bei ya TV nzima, kwa hiyo mafundi wengi hawahangaiki nacho. Mwenye pesa chache aweke pesa yake kwenye kioo, kisha kwa muuzaji atakayemkuta dukani mwaka ujao. Mengine yatakuja taratibu.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Tuseme una laki sita. Hiyo si laki sita ya TV. Toa kwanza ya kifaa cha kulinda umeme, kile ambacho wengi wanakiita gadi. Toa ya stendi ya ukutani kama utaitundika, ya waya wa HDMI kama king'amuzi chako hakikuja nao, na ya usafiri. Mimi hugawa hivi: katika kila shilingi kumi, nane na nusu ni za TV, moja na nusu ni za kuilinda na kuifikisha. Jirani yangu mmoja alimaliza pesa yote kwenye inchi 50, akaichomeka kwenye ekstensheni ya bei rahisi. Umeme ulikatika, ukarudi usiku kwa nguvu, bodi ikaungua. Gadi ingemgharimu sehemu ndogo sana ya hasara ile.

Hatua ya 2: Pima chumba, usipime tamaa

Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, kioo peke yake bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Andika hizi kwenye simu yako uende nazo dukani: inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, inchi 50 ni sentimita 127, inchi 55 ni sentimita 140. Ukikuta upungufu wa sentimita moja usigombane na mtu, watengenezaji wengi hukadiria kwenda juu. Upungufu wa sentimita tano ni inchi mbili zilizopotea.

Nyumba nyingi tunazopanga zina sebule ya futi 10 kwa 10 au 10 kwa 12. Ukishaweka makochi, kutoka macho yako mpaka ukutani hubaki mita mbili, mbili na nusu. Kwa umbali huo inchi 43 inatosha kabisa, na kwa chumba kimoja ambacho kitanda na TV vinatazamana, inchi 32 haina ubaya wowote. Inchi 55 kwenye chumba kidogo itakuonyesha kila dosari ya picha, na shingo utaisikia.

Ukiwa na shaka, gundisha magazeti ukutani yafikie upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 54. Hiyo ndiyo inchi 43. Kwa inchi 32, ni 71 kwa 40. Kaa pale unapokaa kila siku, tazama kwa siku mbili. Hili halina gharama na limewaokoa watu wengi.

Hatua ya 3: Jiulize utatazama nini hasa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu muuzaji anakuuzia kile TV inachoweza, na wewe hujajiuliza utakipata wapi cha kuionyesha.

Kioo kimejengwa kwa nukta ndogo zinazoitwa pikseli. TV iliyoandikwa HD Ready kwa kawaida ina 1366 kwa 768. Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Sasa angalia upande wa pili: chaneli nyingi za kawaida zinazopita kwenye king'amuzi zina ubora wa 720 kwa 576 tu. TV inalazimika kuinyoosha picha hiyo ndogo ijaze kioo kikubwa. TV nzuri hunyoosha vizuri. Ya 4K ya bei ya kutupa hunyoosha vibaya, sura za watu zikawa kama zimepakwa nta na nyasi za uwanjani zikawa uji wa kijani. Kwa mtu ambaye maisha yake ya TV ni taarifa ya habari, tamthilia na ligi kwenye king'amuzi, Full HD ya inchi 43 yenye kioo kizuri ni bora kuliko 4K ya inchi 50 isiyojulikana ilikotoka.

Kwa hiyo ushauri wangu: inchi 32, HD Ready inakubalika, Full HD ikipatikana ni bahati. Inchi 40 hadi 43, usishuke chini ya Full HD, na ujue kwamba mara nyingi inchi 40 ama 43 za bei ya chini sana ni HD Ready zilizofichwa ndani ya boksi kubwa. Kuanzia inchi 50, tafuta 4K ya jina linaloeleweka au rudi kwenye 43.

Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya HD hula mpaka GB 3 kwa saa, na ya 4K mpaka GB 7. Kama intaneti yako ni ya simu, hiyo 4K ya mtandaoni hutaiona. Kama una faiba nyumbani, hesabu yako ni tofauti na unaweza kuitilia maanani.

Na smati je? Neno smati kwenye boksi halitoshi. Kuna TV zinazotumia Google TV au Android TV yenyewe, kuna za Samsung zenye Tizen, za LG zenye webOS, na za Hisense zenye VIDAA. Hizo zote zimetengenezwa kwa ajili ya TV. Kundi la pili ni TV zilizowekewa Android ile ya simu, bila idhini ya Google, zenye RAM ya GB 1. Siku ya kwanza zinafungua YouTube. Baada ya mwaka zinagandaganda, na Netflix ama haifunguki ama inaonyesha picha hafifu. Bajeti ikibana, napendelea TV isiyo smati yenye kioo safi. Kiboksi utakinunua mwakani, na kikizeeka utakibadilisha bila kugusa TV.

Maneno mengine yaliyopo kwenye boksi yapite. HDR, yaani uwezo wa kuonyesha tofauti kubwa zaidi ya giza na mwanga, ni kitu kizuri kwenye TV yenye mwanga mkali sana. Kwenye TV za bajeti yetu ni herufi tatu tu. Namba kubwa za "motion" nazo si hezi halisi za kioo, yaani mara ngapi kinabadilisha picha kwa sekunde, na karibu mara zote ni hezi 60.

Hatua ya 4: Mpya, ya mwaka uliopita, au mtumba

Jina mbele ya TV halisemi kila kitu. TV za Toshiba, kwa mfano, zimekuwa chini ya Hisense ya China tangu 2018. Hilo si kosa, wala TV ya China si mbaya kwa kuwa ni ya China. Hisense, TCL na Skyworth hutengeneza vioo vizuri kwa bei ambayo Mkorea haifikii. Ninachoogopa ni jina ambalo halina ofisi, halina fundi, na mwakani halipo. Soma pia herufi za jina moja moja, kwa sababu wako wanaobadilisha herufi moja tu ya jina maarufu na kuacha rangi na mwandiko vilevile.

Njia ninayoipenda zaidi ya kubana bajeti ni kununua modeli ya mwaka uliopita, au wa kabla yake, ikiwa bado mpya ndani ya boksi. Mwaka umefichwa ndani ya namba ya modeli. Kwa TV za kawaida za Samsung, TU7000 ilikuwa ya 2020, AU7000 ya 2021, BU ni 2022, CU ni 2023 na DU ni 2024. Kwa LG za 4K za kawaida, UN ni 2020, UP ni 2021, UQ ni 2022, UR ni 2023, UT ni 2024. Mbele ya herufi hizo utaona inchi: 43UQ maana yake ni inchi 43 ya mwaka 2022. Tofauti ya picha kati ya mwaka na mwaka kwenye daraja hili ni ndogo, tofauti ya bei huonekana. Lakini usikubali kulipa bei ya modeli mpya kwa ya miaka minne iliyopita iliyokaa stoo.

Mtumba nao una nafasi yake. Ukienda Darajani Zanzibar, au kwenye maduka ya Dar yanayoleta mizigo ya Dubai na Uingereza, unaweza kupata Samsung, Sony au LG iliyotumika kwa bei ya TV mpya isiyo na jina. Nimewahi kumchagulia dada yangu moja na inafanya kazi mpaka leo. Ila mtumba una mitego minne.

Wa kwanza ni plazma. Zamani tuliita kila TV bapa plazma, lakini plazma halisi ni teknolojia nyingine, ambayo viwanda vikubwa viliachana nayo kufikia 2014. Ni nzito, ina joto, na ya inchi 42 inaweza kula wati 250. Ukiitazama saa tano kwa siku, kwa mwezi ni yuniti 37 na nusu za LUKU. TV ya LED ya inchi 43 yenye wati 80 hula yuniti 12 kwa matumizi hayohayo. Kwa aliye kwenye kundi la D1, lile la watumiaji wadogo wa umeme, ambalo mwisho wake ni yuniti 75 kwa mwezi, plazma peke yake inakula nusu ya fungu lake.

Wa pili ni umeme wa kwao. Geuza TV, soma lebo ya nyuma. Ikiandikwa 100-240V au 220-240V ni salama kwetu. Ikiandikwa 120V imetoka Marekani. 100V imetoka Japani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa voti 230, umeiua.

Wa tatu ni wa antena. TV ya Japani au ya Marekani haitanasa matangazo yetu ya dijitali ya ardhini, itategemea king'amuzi milele. Za Uingereza za zamani zinaweza kuwa na mfumo wa kwanza wa kunasa dijitali, DVB-T, bila ule mpya wa DVB-T2. Kama tayari una king'amuzi, huu ni mtego mdogo.

Wa nne ni taa zilizochoka, nao tutauona kwenye jaribio.

Hatua ya 5: Jaribu dukani, bila haraka

Nenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki, wakati duka halijajaa. Nenda na vitu vitatu: futi ya kupimia, simu yenye bando, na flashi. Ndani ya flashi weka picha sita za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani na bluu. Ongeza picha moja yenye maandishi madogo sana, na video ya mpira ya dakika kama tano uliyoirekodi au kuipakua, yenye ubora wa kawaida.

Mwambie muuzaji afungue boksi la TV ile utakayoondoka nayo, siyo ile ya maonyesho inayowaka ukutani. Akikataa kabisa, ondoka. Maduka yanayokubali ni mengi.

TV za maonyesho huwashwa kwenye modi ya duka: mwanga umefikishwa mwisho, rangi zimekolezwa, na video inayochezwa ni ya maua na samaki iliyopigwa kwa kamera za gharama kubwa ili uipende. Omba iwekwe modi ya nyumbani, au ya kawaida. Kisha anza.

Picha nyeupe: sogea karibu, pitisha macho taratibu kama anayetafuta chawa kwenye shuka. Unatafuta nukta nyeusi zisizowaka, mistari, na madoa. Kisha rudi nyuma hatua tatu. Je, weupe ni ule ule kote, au kona zina unjano na katikati kuna wingu? Ukiona viduara vyeupe vinavyong'aa kuliko sehemu nyingine, hasa kwenye mtumba, vilenzi vilivyo juu ya taa za ndani vimebanduka. Ukiona weupe una rangi ya bluu au zambarau, taa zimechoka, zimebakiza muda mfupi. Usidanganywe kwamba ni mipangilio.

Picha nyeusi: omba taa za duka zizimwe kidogo, au kinga kwa mikono. Hakuna TV ya LED ya bei ya chini yenye weusi kamili. Mwanga kidogo utavuja. Unachokataa ni mwanga unaomwagika kutoka kona moja kama taa ya gari.

Kijivu huonyesha mistari ya wima na uchafu ambao nyeupe inauficha. Wengi huiruka, mimi ndiyo niliyokamatia TV mbili mbovu. Rangi tatu zilizobaki ni za haraka, unatafuta nukta zenye rangi isiyo yake.

Sasa tembea. Simama pembeni kabisa, kisha chuchumaa. Vioo vya LED viko vya aina kuu mbili. Vinavyoitwa IPS huonekana vizuri hata ukiwa pembeni, lakini weusi wake ni kama kijivu kilichokolea. Vinavyoitwa VA vina weusi mzuri, mara tatu na zaidi ya IPS kwa tofauti ya giza na mwanga, ila ukienda pembeni rangi hupauka. Muuzaji huenda hajui TV yake ina kipi, na huhitaji kumuuliza. Macho yako yatajua. Kama nyumbani mnakaa watu wanane, wengine kwenye kochi, watoto kwenye mkeka kushoto na kulia, chukua inayoonekana pembeni. Kama mko wawili mnaotazama usiku taa zikiwa zimezimwa, chukua yenye weusi.

Fungua maandishi madogo. Hapa unakamata udanganyifu wa 4K. Zipo TV zinazopokea video ya 4K, zinaandika 4K kwenye menyu, lakini kioo chenyewe ni cha 1366 kwa 768. Mbele ya kioo, kwa umbali wa kiganja, maandishi madogo ya picha kubwa hubaki na kingo safi kwenye 4K ya kweli. Kwenye ya uongo hugeuka ngazi na ukungu. Ikiwezekana weka pembeni yake TV nyingine ya 4K ya jina kubwa, fungua picha hiyohiyo.

Halafu cheza mpira wako. Fuata mpira unaporuka kutoka lango hadi katikati: je, unaacha mkia? Jezi nyekundu ina alama za mshono au imekuwa doa? Sikiliza maneno ya mtangazaji, ongeza sauti mpaka theluthi mbili. Ganda la plastiki la TV likianza kutetemeka, kumbuka kwamba kila siku utalisikia.

Kama ni smati, washa hotspot ya simu, fungua YouTube na Netflix hapohapo. Hesabu sekunde. Bonyeza rimoti upande wa kulia mara tano haraka, uone kama kishale kinakufuata au kinabaki nyuma kinawaza. TV ikiwa nzito dukani, ikiwa mpya, haitakuja kuwa nyepesi nyumbani.

Pima mshazari kwa futi. Mwisho, iache iwake dakika thelathini ukiwa unapatana bei. Mtumba uache hata saa nzima. Matatizo mengi ya taa na bodi hujitokeza zikishapata joto.

Jambo moja kuhusu unene. Watu hukataa TV nene kidogo wakidhani ni ya kizamani. Kwenye TV nyingi za bei ndogo, unene unatokana na taa kupangwa nyuma ya kioo kizima badala ya kubanwa ukingoni. Unene si dosari, na taa za aina hiyo zikifa fundi hupata mistari ya kubadilisha kwa urahisi zaidi. Kuzifikia lazima kioo kinyanyuliwe, na hapo ndipo vioo vingi hupasukia mikononi mwa wasio na uzoefu. Kwa hiyo ukifika siku hiyo, chagua fundi kwa makini kuliko ulivyochagua TV.

Hatua ya 6: Geuza TV, soma mgongo wake

Matundu ya HDMI yawe mawili angalau: moja la king'amuzi, moja la kiboksi au kompyuta. USB moja inatosha.

Tatizo ambalo huwakuta wengi wakishafika nyumbani ni sabufa. Sabufa zetu nyingi hutumia zile pini nyekundu na nyeupe, na TV nyingi mpya hazina tena tundu la kutolea sauti la aina hiyo. Tafuta tundu dogo la hedifoni, au Bluetooth kama sabufa yako inayo. TV yenye tundu la optiko tu, linalotoa sauti kwa njia ya mwanga, itakulazimu ununue kigeuzi. Vivyo hivyo king'amuzi cha zamani kisicho na HDMI kinahitaji TV yenye matundu ya AV, au ule waya mfupi wa kuunganishia ambao mara nyingi umo ndani ya boksi. Hakikisha umo.

Angalia kama imeandikwa DVB-T2. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, antena peke yake haitoshi. TV yenye T2 ndani yake hunasa chaneli za ardhini zisizofungwa bila king'amuzi, na mwezi ambao pesa ya kifurushi haipo utashukuru.

Kwenye lebo, kama mtaa wako umeme hushuka jioni, 100-240V ni bora kuliko 220-240V. Na kwa anayeishi kwa sola, usinunue TV ya kawaida na inveta kama bado hujaanza. Ziko TV za voti 12 za inchi 24 hivi zinazochomekwa kwenye betri moja kwa moja bila kupoteza umeme kwenye inveta.

Hatua ya 7: Bei, risiti na waranti

Ukishuka tu Kariakoo, winga atakuuliza unatafuta nini. Ni kijana anayetafuta riziki kama wewe, mjibu kwa heshima, lakini fahamu kwamba fungu lake litaingia kwenye bei yako. Zunguka maduka matatu peke yako, uliza namba ya modeli ileile, andika. Duka la nne ndilo la kupatana. "Bosi, hii kwa fulani nimeiacha kwa bei hii" ni sentensi yenye nguvu ikiwa ni ya kweli.

Wakati mwingine bei haishuki, basi omba vitu: stendi ya ukutani, waya wa HDMI, kupelekewa mpaka nyumbani.

Waranti ulizia mambo matatu. Ni ya nani, ya duka au ya kampuni? Ni ya muda gani, na je taa za kioo zimo? TV ikirudi, inatengenezwa wapi? Jibu la "ilete tu hapa" bila karatasi usilihesabu. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na bei uliyolipa kweli, uandikiwe na namba ya utambulisho ya TV (serial number), kisha ulinganishe namba iliyo kwenye boksi na iliyo mgongoni. Zikitofautiana, boksi si lake. Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika nazo, na mkononi uwe na risiti hiyo.

Hatua ya 8: Safari na siku za mwanzo

Waranti haifuniki kioo kilichopasuka. TV isafiri imesimama wima, mishale ya boksi ikitazama juu, haiwekwi chali hata kwenye kirikuu chenye godoro. Bodaboda isahau. Ukiitoa, shikeni wawili, mikono kwenye fremu ya chini na pembeni, vidole visiguse kioo.

Ipitie gadi, siyo soketi tupu. Radi za masika huingia pia kupitia waya wa dishi, zikapita king'amuzi na HDMI mpaka kwenye TV, kwa hiyo mvua ikinguruma chomoa umeme na chomoa waya wa dishi. Kwa wa Pwani, acha nafasi ya kiganja nyuma yake hewa ipite, na usiitundike ukuta wenye unyevu. Chumvi ya hewa ya bahari hula bodi polepole. Vumbi futa kwa kitambaa laini kikavu, bila dawa ya vioo vya madirisha.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya picha na ushushe mwanga wa nyuma ya kioo. Viwandani huachwa juu sana. Mimi huuweka kati ya 50 na 60 kwa mia, macho huzoea ndani ya siku mbili, na taa hupata joto dogo. Hiki ndicho ambacho TV yangu ya kwanza haikukipata hata siku moja.

Wiki mbili za kwanza itumie kwa saa nyingi, kila tundu ulijaribu, kila usiku uangalie picha nyeusi kwa dakika moja. Hitilafu za kiwandani hupenda kujitokeza mapema, wakati duka bado linakukumbuka sura. Boksi na povu lake jeupe viweke juu ya kabati mpaka waranti iishe, kwa sababu bila hivyo hakuna njia salama ya kuirudisha TV kwa fundi wa kampuni.